Mahubiri kwenye Meza ya Maabara

Katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari, Guelor alikufa mara nyingi kuliko mwanafunzi mwingine yeyote wa internati, bweni la shule. Alikufa kwa asidi, akafa kwa besi, na wiki moja ya mvua kubwa alizikwa mara mbili kwa sababu ya klorini. Kila mara alilazwa kwenye meza ndefu ya maabara, akafunikwa koti jeupe, akapakwa vumbi la chaki kwenye paji la uso. Kisha Lombe akasimama upande wa kichwa, akakohoa kama padri aliyekula vizuri, na kuanza mahubiri.

Ndivyo walivyojiandaa kwa Exetat, ule mtihani wa taifa ambao mtu asipoupita hana diploma, na asipokuwa na diploma shangazi zake humsalimia kwa sauti ya chini. Walikuwa watatu. Daniella, binti wa Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, aliyekuja asubuhi na kurudi kwao jioni, alifundisha kemia. Guelor alifundisha fizikia. Lombe alishika biolojia, na ndiye aliyeanzisha mchezo wa mazishi. Anayekosa swali amefariki, hana rufaa. Atalala mezani na kuhubiriwa, wala hafufuki mpaka aseme jibu lililo sawa pamoja na sababu yake. Sharti la sababu liliwekwa na Daniella, aliyeona kwamba wafu walikuwa wanafufuka kwa kubahatisha.

Ulikuwa upuuzi, lakini ulifanya kazi. Mtu akishazikwa kwa ajili ya swali, halisahau swali lile.

Lombe alizaliwa na uso unaofaa kazi ya kuhubiri, mrefu na mkavu, wenye macho ya mkatekista aliyeambiwa kwamba sadaka imeibiwa. Kwa uso huo aliwahi kutangaza kwamba askofu yuko njiani, na internati nzima ikafagia uwanja mpaka mchana. Kwa uso huohuo alimwambia Guelor kwamba dada yake Joëlle amefika kumtembelea. Guelor akakimbia mpaka getini, sabuni ikiwa bado masikioni, na hakukuta mtu ila mlinzi anayekula karanga. Tangu siku hiyo Guelor alijiwekea kanuni: uso wa Lombe ukirefuka, usiamini neno, hata akisema jua limetoka.

Lakini hakumwekea kinyongo. Guelor hakuwa na nafasi ya kinyongo moyoni. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka kwenye Exetat, akarudi kukaa darasa lilelile na watoto waliokuwa nyuma yake, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Baba yake, Papa Aaron wa mtaa wa Ruashi, alikuwa dereva wa lori la unga kutoka mpakani Kasumbalesa. Kila Jumapili alipokuwa mjini alikuja internati na bidoni, dumu la plastiki, la munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, kilichokorogwa na mkewe. Alimimina vikombe vya bweni zima kabla ya kumuuliza mwanawe habari za masomo. Kisha aliuliza swali moja tu: "Mwaka huu?" Guelor alijibu: "Mwaka huu, baba." Basi, mazungumzo yao yalikuwa yamekwisha.

*

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani, Lombe alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe chini ya dirisha la mkuu wa shule. Kosa lake lilikuwa la kisayansi. Alikuwa ametia dawa ya bluu ya maabara kwenye pipa la maji ya kunawia, na wanakwaya wakaenda misani na nyuso za samawati. Masera Virginie, mtawa aliyeongoza shule ile, alimwambia apige magoti hapo mpaka rangi iwatoke wenzake.

Ilikuwa kipupwe. Upepo wa mwezi wa sita ulipuliza vumbi jekundu kutoka barabarani na kulilaza kwenye kila kitu. Lombe alikuwa akitunga sala ya kuombea magoti yake aliposikia sauti ya mwanamume ndani ya ofisi, akaitambua. Ilikuwa ya Papa Antoine, baba mdogo wa Guelor.

"Masera, kaka yangu alikufa jana. Tension, ile presha, ilimupanda. Alianguka pale mu mulango, hata hospitali hatukufika."

Kiti kilikwaruza sakafu. Masera alisema maneno ambayo Lombe hakuyashika.

"Tunamuzika mardi," Papa Antoine akaendelea. "Tunangojea bantu ya Likasi. Lakini mutoto asijue. Famille ilikaa, ikakata: amalize kwanza. Mwaka ule aliangukaka, Masera, unajua. Kaka yangu alikuwa na ile diplome mu kichwa usiku na muchana. Poda alisha kununua! Iko mu kabati, angalia mambo."

Poda aliyoitaja ni ile ambayo kila mtu wa Lubumbashi anaijua. Matokeo ya Exetat yakitoka, aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, akatembea mtaani mweupe kama mzimu mwenye furaha. Papa Aaron alikuwa ameinunua kabla mwanawe hajaandika hata swali moja.

"Jumanne ni siku ya sayansi," Masera akasema.

"Njo hivyo, Masera."

Lombe alisahau kwamba yuko adhabuni, akasimama. Changarawe zilimdondoka magotini kwa mlio mdogo. Dirisha likafunguliwa, na Masera Virginie akamtazama kutoka juu kwa muda mrefu.

"Katika watoto wote wa shule hii," alisema polepole, "Mungu ameniletea wewe."

Alimwingiza ofisini. Papa Antoine alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Miguuni pake palikuwa na bidoni ya njano.

"Hutasema," Masera akamwambia Lombe. "Si kwa Guelor, si kwa yeyote. Apa kwa mama yako."

Lombe akaapa.

"Na hutanyamaza pia. Wewe ukinyamaza, shule nzima itajua kuna kitu. Endelea na upuuzi wako kama kawaida. Umenisikia?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya shule ile mwanafunzi kuamriwa na mkuu wake afanye upuuzi. Siku nyingine yoyote Lombe angeomba amri hiyo kwa maandishi.

Papa Antoine akasukuma bidoni kwa mguu. "Umupelekee. Umwambie baba yake amekwama Kasumbalesa, malori iko mu foleni."

*

Guelor alikunywa mkupuo mmoja, akashusha kikombe.

"Hii si ya mama."

"Ni ya mama," Lombe akasema.

"Hapana, vieux. Mama anatia mizizi mpaka ulimi unakauka. Hii ni tamu. Hii banauzisha ku soko." Akanusa tena, akakunja uso. "Mama iko mugonjwa?"

Lombe alijishughulisha na kizibo cha bidoni. "Pengine amegundua sukari," alisema. "Wanasayansi hugundua vitu kila siku, usimzuie mama yako."

Guelor akacheka, akanywa iliyobaki, akagawia wengine. Lakini mara mbili mchana ule Lombe alimwona akitazama kikombe.

Alasiri Daniella alifika na karatasi za maswali ya miaka iliyopita, wakaingia maabara. Lombe ndiye aliyepaswa kuuliza ya biolojia. Aliuliza maswali ambayo kuku angeyajibu. Je, moyo unasukuma nini? Je, samaki anapumua kwa kutumia nini? Guelor alijibu yote, akaanza kujiona profesa.

"Lombe, hii maswali gani?" Daniella akafoka. "Unamuuliza kama mutoto wa primaire! Kesho tunaanza. Leta hapa." Akamnyang'anya karatasi. "Guelor. Mishipa inayoleta kwenye moyo damu yenye oksijeni, kutoka kwenye mapafu. Inaitwaje?"

Lombe alimtazama Guelor kwa macho ya kusihi. Alitaka sana ajibu sawa, kuliko alivyowahi kutaka kitu kutoka kwa mtu.

"Ateri," akasema Guelor. "Damu safi, ateri."

"Kufa!" Daniella akapiga meza. "Panda. Mchungaji, kazi yako."

"Tumwache leo," Lombe akasema. "Ni Jumapili, hata wafu wanapumzika."

"Eh! Leo njo unahurumia bantu?" Guelor mwenyewe alikuwa ameshapanda mezani, akajifunika koti mpaka kidevuni, akafumba macho. "Nizike haraka, nina njaa."

Daniella alimpaka chaki kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Kisha wote wawili, aliye hai na marehemu, wakamngoja mchungaji.

Lombe alisimama penye kichwa cha rafiki yake. Alikuwa na mahubiri mengi ya akiba: ya klorini, ya chura aliyepasuliwa, ya mtu aliyedhani figo ni maharage. Hakupata hata moja. Alitazama paji lile lenye chaki, paji pana la Papa Aaron hasa, na mdomo wake ukaanza wenyewe.

"Ndugu wapendwa," alisema. "Huyu tunayemlaza hapa hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisema atakuja, alikuja. Matope ya Ruashi hayakumzuia, wala vumbi. Hakuwahi kuja mikono mitupu. Aliwanywesha wake, akawanywesha na wasio wake, tena wasio wake aliwatanguliza. Hakuuliza mengi. Aliuliza neno moja, akaridhika na neno moja..."

Hapo sauti ilimkatika. Daniella alikuwa ameinama, akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Guelor amenywesha nani, huyu bahili wa sabuni?" akasema. "Lombe, leo umejipita! Hata kilio unalia!"

Koti jeupe lilikuwa linatikisika. Chini yake marehemu alikuwa akicheka kimya, kwa heshima ya mazishi.

"Endelea," akasema marehemu.

"Apumzike," Lombe akasema. "Amina. Jibu, haraka."

Guelor akaketi. "Vena. Vena za mapafu."

"Sababu?" Daniella akadai.

Guelor aliwaza, kidole hewani. "Kwa sababu mshipa hauitwi kwa damu unayobeba. Unaitwa kwa unakokwenda. Ukiwa unarudi kwenye moyo ni vena, hata ubebe nini."

"Amefufuka," Daniella akatangaza.

Guelor akashuka mezani, akajipangusa chaki kwa mkono, akaenda kula.

*

Jumatatu ilipita. Jioni, kabla ya kengele ya chakula, Lombe alimwendea Guelor na swali la lenzi. Kwa miaka miwili lenzi zilikuwa zimemshinda. Guelor alichuchumaa sakafuni, akachora kwa chaki mstari, akachora mwali unaopita katikati na mwingine unaopinda, akaeleza, akafuta, akaeleza tena kwa njia nyingine. Hakuchoka. Na Lombe, akimtazama mtu ambaye baba yake alilala kwenye jeneza umbali wa safari fupi ya basi, akaelewa lenzi. Zilimwingia zote kwa mara moja. Aliona haya kwa kuelewa.

Hakupata usingizi mzuri. Wazo moja lilikuwa limemganda: Exetat inarudi kila mwaka, lakini mtu huzikwa mara moja. Kiapo chake alikiona kizito. Kesho yake aliona kunyamaza ni kuzito zaidi.

Asubuhi ya Jumanne watahiniwa walitembea kwa miguu kwenda kituo cha mtihani, shule nyingine upande wa Kenya, mtaa mmojawapo wa Lubumbashi, mstari mrefu wa mashati meupe na suruali za bluu. Baridi iliwafanya watu watoe moshi mdomoni. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa akikaanga mikate, na hapo Lombe akamshika Guelor mkono na kumtoa kwenye mstari.

"Guelor. Baba yako alikufa."

Guelor alimtazama.

"Jumamosi. Leo banamuzika. Baba mudogo Antoine alikuja kwa Masera, nikasikia kwenye dirisha. Ukienda sasa hivi utamukuta."

Guelor aliendelea kumtazama. Alitazama uso wote, kuanzia paji la uso mpaka kidevu. Ulikuwa mrefu kuliko siku zote. Kisha pembe za mdomo wa Guelor zikaanza kupanda.

"Weye!" akapasuka kwa kicheko. "Ee Lombe! Hii njo mukubwa ya zote! Daniella, kuya usikie! Juzi dada yangu iko getini, leo baba yangu amekufa. Kesho ni nani, papa wa Roma?"

Daniella alikuja, akaambiwa, naye hakucheka hata kidogo. "Lombe, hiyo haichezewi. Asubuhi ya sayansi? Uko na roho mubaya, kweli."

"Ninasema kweli."

"Ulisema hivyo hata juu ya askofu," Guelor akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Tukafagia!"

"Guelor, nisikilize."

"Nimesikia. Aksanti, vieux, kweli. Usiku wote tumbo ilikuwa inazunguka, sikukula hata mukate. Sasa imetulia." Akampiga bega. "Umenitoa woga."

Mbele, mtu alikuwa akipuliza filimbi kuwaita watahiniwa. Mstari ukaanza kukimbia.

Lombe alikuwa na maneno mawili mdomoni. Munkoyo tamu. Angeyatamka hayo tu, Guelor angesimama palepale. Angekumbuka kikombe, angekumbuka mizizi, angeelewa. Lombe aliyajua maneno hayo, akayahesabu, akayaona yanatosha. Alimwona rafiki yake mwepesi, anacheka, tayari. Akamwona pia yeye mwenyewe, siku zote zijazo, kama mtu aliyemwangusha Guelor Exetat mara ya pili.

"Nilikuwa nacheza," alisema.

"Najua," Guelor akasema, na wakakimbia.

*

Ndani walikalishwa mbalimbali, kila mtu na karatasi isiyofanana na ya jirani yake, ili majibu yasitembee. Lombe alikuta swali la lenzi. Alichora mwali unaopita katikati na mwingine unaopinda, akaweka alama kwenye jibu bila wasiwasi wowote.

Karibu na adhuhuri zilisikika nyimbo kutoka barabarani. Malori yalikuwa yanapita, vijana wamesimama nyuma wakiimba na kupiga madebe, honi zikilia, kama watu wa jiji hili wanavyomsindikiza maiti wao makaburini. Lubumbashi haikosi kilio. Huenda alikuwa mwingine kabisa. Watahiniwa wengi waliinua vichwa. Guelor aliinua chake pia, safu mbili mbele, akasikiliza kidogo kama mtu anayejaribu kuukumbuka wimbo. Kisha akainama, akaandika.

Lombe alimtazama mgongo mpaka msimamizi akagonga meza yake.

*

Alhamisi mtihani ulikwisha. Getini kulikuwa na vurugu ya furaha: watu walirushiana daftari, wakaandikiana kwa kalamu kwenye mashati, wakaimba. Kwenye ukuta wa ng'ambo alisimama Papa Antoine. Safari hii alikuwa ameishika kofia mkononi, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kipara, kinang'aa.

Guelor alimwona kutoka mbali, akapunga mkono. Alitembea hatua chache, shati lake limejaa majina ya wenzake. Ndipo alipokiona kichwa, kimenyolewa kama cha mfiwa.

Alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikimkwepa na kumtukana. Halafu akageuka kumtafuta Lombe. Alimpata. Lombe alijaribu kuufanya uso wake uwe wowote ule, mradi usiwe mrefu, lakini ulikuwa uso pekee aliokuwa nao. Guelor aliutazama kama alivyoutazama pale kwa mama wa mikate, kuanzia juu mpaka chini. Kisha akamfuata baba yake mdogo.

Nyuma ya Lombe, Daniella alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Ulikuwa unasema kweli," alisema.

*

Matokeo yalifika kwenye simu asubuhi moja ya joto, kipupwe kikiwa kinaaga. Lombe alifaulu. Nyumbani kwao Kenya walimwaga poda, ikamwingia puani na machoni, wakamzungusha mtaani, mama yake akipiga vigelegele mpaka majirani wa kanisa wakafungua madirisha. Lombe alizunguka kama walivyotaka. Kisha akaenda bombani, akainamisha kichwa, akanawa kwa sabuni mpaka maji yakatoka safi. Akavaa shati jingine, akapanda basi la Ruashi.

Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya getini. Lombe alikuwa amekwenda kwenye kilio mara moja pamoja na Daniella, lakini Guelor alikaa kati ya wajomba zake, akatazama chini muda wote.

Sasa ua ulikuwa mtupu. Viti vya kilio vilikuwa vimerudishwa kwa wenyewe, na mahali pa moto wa matanga palibaki duara jeusi. Guelor alikuwa ameketi kizingitini. Nywele zilikuwa zimeanza kumrudia, fupi kama vumbi.

"Ulipata diploma?" Lombe akauliza.

"Nilipata." Akasogea kidogo, ikawa nafasi ya mtu mmoja kizingitini. Lombe akaikalia. "Lile swali la mishipa lilitoka. Vena."

"Na sababu?"

"Hawakuuliza sababu."

Walikaa. Kuku alipita kwenye duara la majivu, akaparua, hakupata kitu.

"Nilikuwa nakuambia," Lombe akasema. "Lakini ningeweza kukuambia zaidi. Nilikuwa na neno ambalo ungeamini. Sikulisema."

"Munkoyo," akasema Guelor.

Lombe akashtuka.

"Nilifikiri juu yake pale ndani, nilipozisikia nyimbo. Nikasema, hapana, ni Lombe tu." Alikwangua udongo kwa kisigino. "Na mimi sikutaka kuamini. Ingekuwa rahisi kuinuka. Mulango ulikuwa wazi."

Lombe aliokota jiwe dogo, akalitupa kwenye majivu.

"Ile Jumapili," Guelor akaendelea. "Pale mezani. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ile ilikuwa ya baba."

"Ndiyo."

Guelor alijipapasa nywele fupi. "Banasema padri alihubiri muzuri sana siku ya kuzika. Kila mutu ananiambia: ee, ungesikia! Mimi sikusikia. Nimesikia ile yako tu, na nilicheka." Akainuka ghafla, akaita ndani ya nyumba: "Mama! Kuya kidogo."

Mama yake alitoka, kanga nyeusi mabegani, mkononi ameshika kopo la poda. Lilikuwa na mfuniko wake, utepe wa kiwandani haujakatwa. Tangu asubuhi alikuwa amelibeba hivyo kutoka chumba hadi chumba, asijue aliweke wapi: nyumba ya matanga haimwagi poda, na kulirudisha kabatini kulimshinda. Alimsalimia Lombe, akamtazama, akanyoosha mkono na kumpangusa nyuma ya sikio kwa ncha ya kanga.

"Imebakia hapa," alisema. "Haukunawa muzuri, mwanangu."

"Mama, kaa," akasema Guelor. "Lombe alihubiri juu ya baba. Unasikiliza. Lombe, rudia."

"Guelor, mimi..."

"Kama ulivyosema. Yote."

Mama aliketi kwenye kigoda, kopo mapajani. Guelor akabaki amesimama karibu naye, mikono nyuma, kama mtoto wa shule siku ya bendera. Lombe alisimama mbele yao. Mahali pa kusimama alipajua. Miaka yote alikuwa amesimama mbele ya watu. Alitafuta kikohozi chake cha padri, kikakataa kuja. Hakujua hata uso wake unafanana na nini wakati ule.

"Ndugu wapendwa," alianza.

Hakuna aliyecheka. Alingoja kidogo, kwa mazoea tu, kisha akaendelea.

"Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisema atakuja, alikuja."